FUNDI AKISEMA "BADO", MENEJA ASIKIE



Tarehe 10 Machi 2019 ndege ya Ethiopian Airlines iliondoka Addis Ababa asubuhi kuja Nairobi. Haikufika. Dakika sita baada ya kuruka ilianguka karibu na mji wa Bishoftu, na watu wote 157 waliokuwamo wakafa. Wakenya walikuwa 32. Tarehe 29 Oktoba 2018 ndege nyingine ya aina hiyo hiyo, Boeing 737 MAX ya Lion Air, ilikuwa imeanguka baharini Indonesia na kuua watu 189. Jumla ni roho 346.

Wako wanaosema mashine iliharibika, basi yamekwisha. Sisi tunasema hayakwisha. Mashine haijiundi yenyewe. Kilichoharibika kwanza ni masikilizano kati ya wanaoamuru kazi na wanaoijua kazi. Ugonjwa huo haukai Marekani peke yake, ndiyo maana tunauandika hapa.

Tazameni yalivyokwenda. Mwaka 2011 wakubwa wa Boeing waliona kwamba mshindani wao, Airbus, anauza sana ndege yake mpya. Wakaamua wasiunde ndege mpya, bali waichukue 737 ya zamani na kuitia injini kubwa zaidi. Wakaongeza sharti: rubani anayeijua 737 ya zamani asilazimike kurudi kwenye simuleta kujifunza, maana masomo hayo ni gharama kwa mnunuzi. Kampuni ya Southwest iliahidiwa kupunguziwa dola milioni 1 kwa kila ndege kama masomo hayo yangehitajika. Yaani ahadi iliuzwa kabla injinia hajamaliza kazi yake!

Injini hizo kubwa zilikuwa na tabia ya kuinua pua ya ndege katika hali fulani. Mainjinia wakaweka mtambo ulioitwa MCAS wa kuishusha. Mwanzoni mtambo huo uliruhusiwa kugeuza bawa la mkia kwa digrii 0.6 tu. Baadaye, majaribio yalipoendelea, ukapewa digrii 2.5, na uliweza kurudia tena na tena. Nao ulisikiliza kipimo kimoja tu cha upepo, ingawa ndege ilikuwa na viwili. Mwaka 2015 injinia mmoja aliuliza kwa maandishi: kipimo hicho kimoja kikikosea, je, hatutakuwa hatarini? Aliuliza swali la fundi hodari. Lakini ndege ikatoka kiwandani vile vile, na kipimo kile kile kimoja.

Zaidi ya hayo, habari ya digrii kuongezwa haikuwafikia wote waliopaswa kuijua. Wakaguzi wa serikali hawakuelezwa sawasawa. Kitabu cha marubani hakikuueleza mtambo huo. Chumba hiki kilijua hili, chumba kile kilijua lile, wala hapakuwa na mtu wa kuyaweka mezani pamoja. Hiyo ndiyo kazi ya meneja, nayo haikufanywa.

Je, watu walinyamaza kwa sababu ya ujinga? Hapana. Mwaka 2016 waliulizwa wafanyikazi wa Boeing waliokuwa wakikagua kwa niaba ya serikali. Katika kila 100, watu 39 walisema wanaona kusukumwa kusikofaa, na 29 walisema wanaogopa yatakayowapata wakitoa taarifa. Juni 2018 Ed Pierson, msimamizi katika kiwanda cha Renton, alimwandikia mkubwa wake kwamba mafundi wamechoka na kazi inaharakishwa mno, akashauri kiwanda kisimame kwanza. Hakikusimama. Hatusemi uchovu huo ndio ulioangusha ndege. Tunasema ya kwamba mtu alisema "bado" na hakusikiwa.

Mainjinia wa kampuni hiyo walikuwa wameanza kunung'unika zamani. Mwaka 2000 chama chao, SPEEA, kiligoma siku 40 kudai malipo na heshima ya kazi yao. Mwaka uliofuata wakubwa walihamisha ofisi kuu kwenda Chicago, zaidi ya kilomita 2,500 kutoka viwandani. Mwenye kuamua akawa mbali na harufu ya mafuta na sauti ya nyundo.

Na malipo je? Mkuu wa kampuni, Dennis Muilenburg, aliondolewa Desemba 2019. Aliondoka na fedha na hisa za kiasi cha dola milioni 62. Jamaa wa wale 346 waliondoka na majeneza, na wengine hata jeneza hawakupata cha kutia ndani.

Sasa tajiri atatuambia: "Kazi inayopita mikono elfu lazima iwe na mwamuzi mmoja, la sivyo haimaliziki. Mafahali wawili hawakai zizi moja." Tunamjibu: hatukatai mwamuzi. Meneja anajua pesa, anajua siku ya kukabidhi, anajua mnunuzi anataka nini. Hayo fundi hayajui yote, na fundi asiye na mpango hutengeneza kitu kizuri ambacho hakimaliziki kamwe. Lakini meneja na fundi si mafahali wawili. Ni jembe na mpini. Jembe bila mpini halilimi, na mpini bila jembe ni fimbo ya kupigia watu tu. Meneja ana haki ya kusema kazi itakwisha lini. Hana haki ya kusema kitu ni salama wakati mwenye kukijua anasema si salama.

Ndugu, hapa kwetu mabasi na malori huunganishwa Nairobi, Thika na Mombasa. Abiria wa basi ana roho kama abiria wa ndege. Kwa hiyo tukikaa na tajiri kuandika mapatano, tusitaje mshahara peke yake. Tudai mambo matatu.

Kwanza, kila badiliko la kazi liandikwe, na kila idara inayoguswa nalo iambiwe kabla, si baada.

Pili, fundi akiona hatari awe na ruhusa ya kusimamisha kazi, na meneja akitaka iendelee aandike sababu zake na kutia sahihi yake mwenyewe.

Tatu, mtu asifukuzwe wala kuhamishwa kwa kusema kweli.

Haya si maneno ya fujo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inataka mahali penye wafanyikazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na inamkataza mwajiri kumfukuza mtu kwa sababu tu amelalamika juu ya hatari. Ulizeni leo: kamati yenu iko wapi? Ilikutana lini? Nani aliwachagua waliomo? Kama hamjui, mpelekeeni mjumbe wenu wa chama swali hilo kabla ya mwisho wa mwezi.

Usiogope kusema "bado" peke yako, maana hutakuwa peke yako. Mmoja akisema, wote tusimame naye.

Umoja ni nguvu!