Pikipiki Kubwa Isile Akiba ya Mfanyakazi



Tangu sheria ya NSSF ya hapa Uganda irekebishwe mwaka 2022, mwanachama aliyefikisha umri wa miaka 45 na kuweka akiba kwa miaka 10 au zaidi anaweza kuchukua hadi asilimia 20 ya akiba yake kabla ya kustaafu. Fedha hiyo ni jasho letu, na kila mtu ana haki ya kuitumia atakavyo. Lakini nimeshika kalamu kwa sababu ya njia moja inakopotelea. Watu wa rika langu wanarudi kwenye pikipiki baada ya miaka kumi na tano, hata ishirini, na karibu wote wanataka kubwa.

Siwacheki, maana mimi ni mmoja wao. Nilipokuwa nyapara wa shamba la miwa nilipanda Yamaha ya cc 100 kwa miaka saba, mvua na jua. Baadaye nikahamishiwa kiwandani upande wa mitambo, pikipiki nikairudisha stoo, na kwa miaka kumi na minane sikushika usukani. Moyoni nilijiona bado ni dereva. Nilipopata hundi yangu nilikwenda moja kwa moja Kampala kutazama mashine za cc 600 na zaidi, zilizotumika ng'ambo. Kijana wa dukani akaniambia, "Mzee, hii ndiyo saizi yako." Nikaamini, kwani nani hapendi kusikia hivyo?

Kilichonirudisha nyuma ni mkasa wa mwenzangu wa zamu ya usiku. Yeye alikuwa amekwisha nunua ya cc 650. Jumapili moja akitoka msibani alisimama kwenye mteremko wa changarawe ili kumpisha mama mwenye mzigo. Mguu mmoja haukufika chini, pikipiki ikamlalia. Hakugongana na mtu wala hakuwa mwendo wa kasi, alikuwa amesimama. Mfupa ulivunjika mahali pawili, akakaa nyumbani miezi minne. Haikuwa siku ya kazi, basi fidia hakuna. Pikipiki iliuzwa kwa nusu ya bei ili watoto warudi shule.

Sisi wa kiwanda cha sukari tunaujua uzito kwa magunia ya kilo 50. Basi tupime hivyo. Pikipiki ya kawaida ya boda boda ni kama magunia mawili na kidogo. Royal Enfield Classic 350 ya India ina kilo 195, yaani karibu magunia manne. BMW R 1250 GS, ambayo wengi wanaiona kwenye picha na kuitamani, ina kilo 249, magunia matano. Kiti chake kiko sentimeta 85 kutoka ardhini, na hapo ni kikiwa kimeshushwa. Ongeza mke na kikapu cha ndizi nyuma. Injini haikusaidii kuushika mzigo huo ukiwa umesimama. Ni miguu yako na mgongo ambao umekwisha kubeba miaka thelathini ya kazi.

Kwa hiyo mwenye kununua asianze kuuliza cc. Kwanza akae juu yake avione visigino vyote viwili vikigusa chini. Kisha aisukume hatua ishirini injini ikiwa imezimwa, aigeuze, airudishe. Mwisho ailaze taratibu kwenye nyasi na kuiinua peke yake, kwa nguvu za miguu na mgongo ulionyooka, kama mpakiaji anavyofundishwa kunyanyua gunia. Muuzaji akikataa, jibu umelipata.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawapendi kulisikia. Huko Los Angeles, Marekani, wachunguzi wakiongozwa na Harry Hurt walizifuata ajali 900 za pikipiki hadi mahali zilipotokea, na ripoti yao ikatoka mwaka 1981. Walikuta kwamba zaidi ya nusu ya madereva waliopata ajali walikuwa na pikipiki ile ile kwa muda usiofika miezi mitano, ingawa kuendesha kwenyewe walikuwa wameendesha karibu miaka mitatu. Ugeni wa mashine huumiza hata mtu ambaye si mgeni wa barabara. Sasa sisi tuna ugeni wa vyote viwili. Barabara ya Jinja hadi Kampala si ile tuliyoiacha. Malori ya mafuta na matrela ya miwa yameijaa, na usiku matrela mengine hayana hata taa ya nyuma.

Tena tulizoea breki ya mguu, kwa sababu shambani kulikuwa na matope na mwendo ulikuwa mdogo. Kwenye lami breki ya mbele ndiyo inayofanya kazi kubwa ya kusimamisha, na mkono uliosahau huibana ghafla. Ukienda kilomita 80 kwa saa, sekunde moja ya kushangaa tu inakula mita 22, na breki zitahitaji urefu mara nne kuliko kilomita 40. Kipo kifaa cha ABS kinachozuia gurudumu lisikwame unapobana breki. Ulaya ni lazima kwa pikipiki zote mpya zinazozidi cc 125 tangu 2017, na India tangu Aprili 2019. Nyingi za zamani zinazoletwa kwetu hazina. Tazama pia ubavuni mwa tairi: tarakimu nne 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Mpira wa umri huo ni mgumu hata kama meno yake ni mazima.

Nawaomba wajumbe wetu walipeleke jambo moja kwenye meza ya majadiliano. Waajiri wengine humrudisha msimamizi kwenye pikipiki ya kampuni baada ya miaka mingi ya kukaa ofisini, wakamkabidhi ufunguo na helmeti iliyopasuka. Apewe siku za mazoezi zinazolipwa, na helmeti nzima. Uchunguzi uliokusanywa kutoka nchi mbalimbali umeonyesha kwamba helmeti hupunguza vifo vya wapanda pikipiki kwa kiasi cha asilimia 42.

Mimi nimenunua ya cc 200, haifiki magunia matatu. Fedha iliyobaki imeezeka nyumba. Kila Jumapili jioni naipeleka kwenye uwanja wa mpira wa kambi, napanga makopo sita na kupita katikati yake, kisha najaribu breki ya mbele kidogo kidogo. Watoto wanacheka sana. Juzi niliangusha kopo moja tu.