Mota za mtumba zisizo na kibao

Mota kuukuu iliyong'olewa kibao cha maelezo huuzwa kwa maneno ya muuzaji tu, ilhali aina na nguvu yake zaweza kukisiwa. Ncha sita za waya zikipimwa kwa mita na kutoa jozi tatu zenye ukinzani sawa, kwa kawaida hiyo ni ya fezi tatu. Yenye kapasita mgongoni ni ya fezi moja. Shafti nayo haidanganyi kirahisi. Kwa mota za kiwango cha IEC zenye mizunguko 1,400 hivi kwa dakika, kipenyo cha milimita 24 huendana na kilowati 1.1 au 1.5, yaani farasi wawili hivi.

Mwenye mashine ya kusaga mmoja wa Mbagala aliuziwa ya namna hiyo kwa bei ya farasi watano. Mahindi yakaizidi, koili zikaungua. Fundi alipokwangua vanishi, waya ukatoka mweupe: alumini tupu, si shaba, kwa hiyo hata kwenye mizani ya chuma chakavu haikurudisha fedha.

Pamoja na kukagua nguvu, kipimo cha mega, yaani cha uhami kati ya koili na bodi, kingetangulia bei (kikisoma chini kwa sababu ya unyevu, mota hukaushwa; koili iliyoungua haiponi kwa kukaushwa). Je, mamlaka za viwango haziwezi kuwataka wauzaji wapime mbele ya mnunuzi na kuandika matokeo kwenye risiti?

Msomaji,
Dar es Salaam