Vifaa vya nyumbani navyo sharti vielewane

MSOMAJI mpenzi, hebu nikuulize. Usiku wa manane ukiwa safarini, nani nyumbani kwako anaweza kuwasha taa?

Usicheke. Jirani yangu mmoja alinunua balbu ya kuamriwa kwa simu. Miezi michache baadaye akaongeza soketi ya kampuni nyingine, kisha kufuli la mlango la kampuni ya tatu. Kila kifaa kilikuja na programu yake, na programu zote zilikuwa katika simu yake peke yake. Swichi ya ukutani aliibandika utepe isiguswe, kwa sababu ukizima balbu kama hiyo ukutani, simu haiipati tena.

Siku moja akasafiri. Mamake mzazi, aliyekuwa amewatembelea, akaamka usiku kwenda msalani. Alipapasa ukuta, akakuta utepe, akajikwaa kwenye stuli na kuanguka. Tunashukuru hakuvunjika mfupa. Lakini maneno aliyoyakuta jirani yangu aliporudi, hata mimi niliyasikia kupitia ukutani.

Je, mbona vifaa hivi havielewani? Ni suala la lugha. Vingine huwasiliana kwa WiFi, vingine kwa Bluetooth, na vingine kwa mitambo ya redio iitwayo Zigbee na Z-Wave. Hata viwili vinavyotumia WiFi huenda visijuane, kwani kila kimoja hungoja amri kutoka kwa kompyuta za kampuni iliyokitengeneza, pengine ng'ambo. Ni kama watu wawili waliopanda matatu moja, lakini mmoja anajua Kijaluo tu na mwenzake Kimeru tu.

Isitoshe, kampuni ikifunga kompyuta zake, kifaa chako hugeuka pambo. Ndivyo ilivyokuwa Marekani mwaka wa 2016. Kampuni ya Nest, ambayo ilikuwa imeinunua Revolv mwaka wa 2014, ilizima huduma ya vifaa vya Revolv. Watu waliokuwa wametoa takriban dola 300 wakabaki na kisanduku kisichofanya lolote.

Ndipo Desemba 2019 mahasimu wakaketi meza moja. Amazon, Apple na Google, pamoja na muungano wa Zigbee, walikubaliana kutunga lugha moja. Lugha hiyo iliitwa Matter, na toleo lake la kwanza likatoka Oktoba 2022. Uzuri wake ni kwamba amri hupita humo humo nyumbani, kwa hivyo intaneti ikikatika, taa bado husikia. Tena kifaa kimoja kinaweza kutii mifumo kadhaa kwa wakati mmoja. Baba anaweza kutumia mfumo wa Apple na mama wa Google, mradi kila mfumo uwe na kifaa chake cha kusimamia, mathalan spika.

Kabla hujafungua kibeti basi, zingatia haya:

Kwanza, tazama kwenye kasha kama kuna jina Matter na alama ya mishale mitatu inayokutana katikati. Uliza pia kama kifaa kinatumia WiFi au Thread. Cha Thread huhitaji kingine cha kukiunganisha na mtandao wa nyumba, na usipokuwa nacho utarudi dukani.

Pili, vifaa vingi vya WiFi hutumia masafa ya gigahezi 2.4 pekee. Vikikataa kuunganishwa, huenda kosa si lako. Chunguza kwanza mtambo wako wa WiFi.

Tatu, hifadhi ile namba ya tarakimu 11 iliyochapishwa kwenye kifaa au kijitabu chake. Utaihitaji ukilazimika kukiunganisha upya.

Nne, usitupe vya zamani kwa pupa. Baadhi ya vituo vya Zigbee, kama kile cha Philips Hue tangu mwaka wa 2023, huweza kuvitafsiria vifaa vyake lugha hii mpya.

Tano, na hili ndilo kubwa, usimnyang'anye mtu uwezo wa mkono wake. Badala ya balbu, fikiria kununua swichi ya ukutani inayotii simu na kidole pia. Kufuli nalo liwe na ufunguo wa kawaida, na ufunguo huo usikae na mtu mmoja.

Nyumba ni ya wote wanaolala ndani yake. Kifaa kinachomtii mtu mmoja tu hakijaleta maendeleo, kimeleta bwana mkubwa mwingine.

Jirani yangu ameubandua ule utepe. Mkewe naye sasa ana programu zote kwenye simu yake. Mamake ameahidi kuja tena, lakini amesema safari hii atabeba tochi.