Kihisi, Si Sensa
Majuzi gari langu lilianza kutoa moshi mweusi na kula petroli kupita kiasi. Kihisi cha joto la maji kilikuwa kimeharibika: kiliiarifu kompyuta kwamba injini ni baridi daima, nayo ikazidi kuimiminia mafuta. Nilisubiri injini ipoe, nikatenganisha betri, nikakifungua kwa spana na kutia kipya.

Jirani yangu, mwanafunzi wa ufundi, alikiita “sensa”. Nikamkumbusha kuwa sensa ni kuhesabu watu. Alicheka, kisha akauliza: “Mwalimu, mbona darasani hatukufunzwa neno kihisi?”

Lawama hiyo ni yetu, walimu. Kitenzi kuhisi tunacho. Jina lililotokana nacho lingemweleza kijana kazi ya kifaa kabla hajakigusa.