Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya: "Hafai Kupasuliwa" Isiwe Mwisho wa Faili

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Jamhuri ya Muungano wa Tanzania,
Dodoma.

YAH: WAZEE WENYE VALVU YA MOYO ILIYOKAKAMAA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Bibi yangu aliishi Lushoto, nyumba kilimani, bomba bondeni. Alianza kwa kupumzika mara moja akipanda na ndoo. Baadaye akawa anapumzika mara tatu, na ndoo ikawa jagi. Tukasema ni uzee. Naye akasema ni uzee. Siku alipozimia jikoni ndipo tulipompeleka hospitali. Kipimo cha eko kikaonyesha kwamba valvu inayotolea damu kwenye moyo imejaa chokaa, na tundu lake limebaki dogo mno. Kwa miaka yake 83 na figo zilizochoka, daktari aliandika: "Hafai kupasuliwa. Aendelee na dawa." Faili likafungwa.

Dawa haziyeyushi chokaa hiyo. Bibi alilala ameketi, mito mitatu mgongoni, na mvua za vuli hazikumkuta.

Simlaumu daktari. Kumfungua kifua na kuusimamisha moyo wake kungeweza kummaliza. Ila hakuna aliyetuambia kwamba iko njia nyingine.

Tarehe 16 Aprili 2002, mjini Rouen, Ufaransa, Dkt. Alain Cribier alimwekea valvu mpya mgonjwa mahututi wa miaka 57 bila kumpasua kifua. Siku hizi mara nyingi daktari huanzia kwenye mshipa wa paja. Hupitisha katheta (mrija mwembamba) hadi kwenye moyo huku akiitazama kwa eksirei. Valvu iliyoshonwa kwa utando wa moyo wa ng'ombe huwa imekunjwa kama mwavuli. Ikifika mahali pake hufunguliwa, ikaisukuma ile ya zamani pembeni.

Matokeo ya utafiti wa njia hii kwa wagonjwa 358 wasiofaa kupasuliwa yalitangazwa mwaka 2010. Waliobaki na tiba ya kawaida, nusu yao walifariki ndani ya mwaka mmoja. Kati ya waliowekewa valvu, waliofariki hawakufika theluthi. Njia hii ina hatari zake: kiharusi na kuvuja damu vilikuwa vingi zaidi upande wao. Hata hivyo, familia nyingi zingependa kupewa nafasi ya kuchagua.

Mheshimiwa, najua foleni ya wizara yako ni ndefu. Najua valvu moja ya aina hii huuzwa kwa makumi ya maelfu ya dola katika nchi tajiri. Najua pia kwamba watoto wetu wanaharibikiwa valvu kwa homa ya baridi yabisi, inayoanzia kwenye maumivu ya koo ambayo penisilini ingeyatibu. Wao watangulie. Sikuombi umnunulie kila mzee valvu. Naomba mambo matatu.

Kwanza, mzee anayelalamika kukosa pumzi au kuzimia asikilizwe moyo kwenye zahanati kabla ya kuambiwa ni umri. Valvu iliyobana mara nyingi huvuma, na sikio lililofundishwa huusikia mvumo huo.

Pili, uamuzi wa "hafai kupasuliwa" usiwe wa mtu mmoja. Daktari bingwa wa moyo, mpasuaji na daktari wa usingizi wakae pamoja, na picha za eko kutoka mikoani zifikishwe Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete. Wapo wagonjwa ambao hata katheta haitawasaidia, kwa kuwa maradhi mengine yamewazidi. Hao nao waambiwe ukweli, na waandaliwe tiba ya kuwapunguzia mateso.

Tatu, kitita cha mafao chini ya Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 kiseme bayana: matibabu haya yamo au hayamo, ni ya nani, na mgonjwa atachangia kiasi gani.

Familia ikiambiwa mapema kwamba haiwezekani, itakaa na mzee wake na kumuaga. Ikiambiwa inawezekana kwa gharama fulani, itajua iuze nini. Ikikabidhiwa faili lililofungwa, haijui hata swali la kuuliza.

Naomba kuwasilisha.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mjukuu, Lushoto