Shajara Tunazowawekea Mchwa

Mtu wa pwani hahitaji kuthibitishiwa kwamba kuijua nasaba ni wajibu. Mwislamu anajua kuwa Mtume ametuhimiza tujifunze nasaba zetu kwa kadiri ya kuunga udugu. Mkristo akiifungua Injili ya Mathayo hukutana na vizazi kabla ya muujiza wowote. Hilo tuliache. Kinachochoma moyo ni kwamba katika miji hii yetu yenye sifa ya ustaarabu, tangu Lamu hadi Kilwa, wako wazee walioachiwa shajara za khati nzuri, wakazitia sandukuni, ufunguo kiunoni, na mpwa akija na kalamu kuomba anakili majina, huulizwa, "Umetumwa na nani?" Mchwa je, naye huomba ruhusa?

Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari lisilo nakala limeshapotea nusu. Itazameni Pate. Kitabu cha habari za Manabahani, watawala wake, chasemwa kiliteketea Witu mwaka 1890, Waingereza walipoushambulia mji ule. Habari hizo zingekuwa siri ya nyumba moja, zingeishia majivuni. Lakini Bwana Kitini, mtu wa ukoo huo, alikuwa nazo kifuani, hakuwanyima waliomwuliza, na Mwingereza Stigand akazichapisha mwaka 1913. Kilwa vilevile: tarikhi ya wafalme wake ilifupishwa na Mreno João de Barros katika kitabu kilichotoka 1552, na nakala ya Kiarabu iliyoandikwa Unguja mwaka 1877 ikafika mikononi mwa John Kirk, mwakilishi wa Uingereza, leo imehifadhiwa London. Nakala hizi mbili zinapohitilafiana, msomi huziweka pamoja akazipima. Na nyinyi mnaozifungia shajara hamzifichi bure: shajara isiyoonwa na jirani hukubali kila babu anayebandikwa, na waliojipachika usharifu kwa wino wa juzi wanalijua hilo vizuri.

Watasema wenye masanduku kwamba humo mna mambo ya kuaibisha: bibi fulani alikuwa mtumwa, babu fulani mzalia. Hofu hii ni ya kweli, sitaicheka, kwani wapo wanaotukanwa hata leo kwa jambo lililofutwa na sheria Unguja tangu 1897. Lakini Sayyid Barghash aliyetawala Unguja alizaliwa na suria wa Kihabeshi, na dada yake Salme na suria wa Kicherkesi. Ikiwa kiti cha enzi hakikutetereka, chako cha ukindu kitavunjika? Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga, na anayemfuta bibi yake karatasini ili asiitwe mtumwa amejitia mwenyewe ndani ya methali hiyo. Aliyetokana na waliokombolewa utumwani mara nyingi hana shajara ya khati. Pa kuanzia kwake huenda pakawa daftari la ubatizo la misheni kama ile ya Bagamoyo iliyoanzishwa 1868, na jina moja unalolificha wewe laweza kuwa ndilo daraja analolitafuta.

Wengine huogopa mirathi: ukitoa majina, watazuka warithi. Warithi wa uongo huzuka pale ambapo hakuna maandishi, si pale yalipo. Kadhi mwenye karatasi mbele yake hachezewi. Nakubali kwamba habari za walio hai, tarehe za watoto na siri za ndoa, hazitembezwi mitaani. Tunachoomba kinakiliwe ni majina ya wafu.

Na kwa kuwa nimeshaanza kusema, harusi zetu nazo! Mpiga video analipwa kuzifuata sahani za pilau na mikono yenye hina, akazunguka ukumbi mara kumi, wala hakuna anayemgusa bega amwambie: huyu kikongwe wa kiti cha mbele anaitwa nani, binti wa nani, kazaliwa mji gani? Miaka thelathini baadaye pilau itatambulikana na bibi hatatambulikana. Nyinyi mnaojua kupanga harusi ya watu mia nne bila kumsahau mgeni hata mmoja hamshindwi na daftari la shilingi chache. Ijumaa hii, baada ya sala, kaeni na mzee wenu, andikeni kutoka kwake kwenda juu hadi pumzi imwishie, kisha nakilini mara tatu: moja ibaki kwake, moja iende kwa shangazi, na ya tatu apewe yule binamu msiyesemezana naye.