Hawakuwa Wakilipa Nauli ya Mbinguni

Tunaambiwa kwamba anayengoja uzima wa milele huitelekeza dunia. Kwa ushahidi upi? Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwafanya waumini wakiri makosa hadharani na kurudisha mali waliyoiba. Huko ndiko kuitelekeza dunia? Wakati wa vita vya Mau Mau nchini Kenya, wengi wao huko walikataa kiapo cha wapiganaji, wakakataa pia bunduki za serikali ya kikoloni, baadhi wakauawa. Vitisho vya kifo havimtawali anayeamini ufufuo.

Hoja dhaifu kuliko zote ni kwamba walitafuta thawabu tu. Anayedai hivyo hajui hata walichofundisha: wokovu ni neema, haununuliwi. Aliyerudisha mali ya jirani aliamini ameshasamehewa. Alikuwa na deni gani tena la kumlipa Mungu?